Jukwaa na Msimamo

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii utadhani wazee waliitunga kwa ajili ya timu za soka za mikoani. Akija Simba au Yanga, mji mzima unahamia uwanjani. Wauza karanga, vijana wa bodaboda, mama ntilie, watoto wa shule, hata bibi ambaye hajui kuotea maana yake nini, wote utawakuta getini wanasukumana. Wiki ya pili yake akija mgeni asiye na jina, mambo yanakuwa mengine kabisa. Kocha akipiga kelele, upande wa pili wanamsikia. Mpira ukitoka nje, unasikia unavyodunda.

Hivi basi, ndugu msomaji, timu ya mkoani ni ya nani? Ni ya wale waliofurika siku ya Simba, ambao nusu yao walivaa nyekundu? Au ni ya wale wachache waliokuja siku ambayo hakuna mtu?

Katika makala haya nataka tuiangalie timu moja, Namungo ya Ruangwa, mkoani Lindi. Nimeichagua kwa sababu historia yake katika ligi kuu ni fupi, mtu anaweza kuishika mkononi na kuigeuza. Ndani ya miaka miwili tu ilitoka Ligi Daraja la Kwanza ikafika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kuna timu za mikoani zimeiota ndoto hiyo mpaka zimezeeka nayo. Lakini ndani ya kupanda huko limo jambo ambalo magazeti ya michezo hulipita mbio, nalo ni kwamba msimamo wa ligi na jukwaa la uwanja ni vitu viwili mbalimbali. Unaweza kukipata kimoja, na palepale cha pili kikakuponyoka.

Mji uliozoea kuletewa

Huwezi kuielewa Namungo bila kuijua nchi yenyewe. Ruangwa na Nachingwea ni ndugu wa tumbo moja. Wilaya ya Ruangwa ilizaliwa mwaka 1995, na hadi leo mtu wa huku akiitaja moja, ya pili inafuata yenyewe. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Ruangwa na watu 131,000 na ushei, na Nachingwea 178,000 na ushei. Wengi wao ni wakulima wa korosho, ufuta na mbaazi. Hata chama chao kikuu cha ushirika ni kimoja na wenzao wa Liwale. Kinaitwa RUNALI, yaani Ruangwa, Nachingwea, Liwale, majina matatu yaliyokatwa vipande yakashonwa kuwa moja.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha na Waingereza walikuwa hawana mafuta ya kupikia. Wakachora ramani wakiwa mbali: zaidi ya ekari milioni tatu za karanga, na sehemu iliyo kubwa kuliko zote iwe katika Jimbo la Kusini, makao yake Nachingwea. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta ya kung'olea visiki. Bandari ya maji marefu ikajengwa Mtwara. Reli ikalazwa kutoka pwani, ikapenya pori hadi Nachingwea. Mji ukaota kama uyoga baada ya mvua.

Kilichofuata kila mwanafunzi wa historia anakijua. Udongo ulikataa, mvua zikakataa, mashine zikavunjika. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, na hasara iliyotajwa ni zaidi ya pauni milioni 36. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa, na vyuma vyake vikang'olewa.

Baadaye kidogo Nachingwea ikapata wageni wengine, safari hii ndugu. Wapigania uhuru wa FRELIMO waliweka hapo kambi yao kuu ya mafunzo, na Samora Machel akaishi humo na askari wake. Msumbiji ilipokaribia uhuru wake mwaka 1975, nao wakafunga mizigo wakaenda zao kwao, kama ilivyostahili.

Kwa nini nayasimulia haya katika makala ya soka? Kwa sababu mji huwa na kumbukumbu hata pale watu wake wanaposahau. Kumbukumbu ya nchi hii inasema hivi: vitu vikubwa huletwa na mtu kutoka nje, hukaa muda, halafu aliyevileta akiondoka navyo huondoka. Bandari ya Mtwara ilibaki, hilo ni kweli. Ila reli haikubaki. Mkulima wa Nachingwea aliyeona treni ikipita utotoni aliwaonyesha wajukuu zake tuta tupu.

Kusini na barabara yake

Kuna jambo la pili, nalo ni umbali. Kijana wa leo anayepanda basi Mbagala asubuhi na kula chakula cha jioni Lindi hajui baba yake aliteseka vipi. Mto Rufiji ulikuwa ukivukwa kwa kivuko, na masika ikichachamaa Kusini yote inakatika na nchi. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo, timu ya Dar es Salaam kwenda kucheza Kusini ilikuwa ni safari ya kuandikiwa wosia. Na timu ya Kusini kwenda Dar ilifika miguu imevimba kabla haijagusa mpira.

Ligi yetu ya Bara ilianza mwaka 1965, na tangu hapo Dar es Salaam ndiyo imekuwa nyumba yake. Mikoa imewahi kuingia sebuleni, lakini kwa kuhesabika. Mseto ya Morogoro ilichukua ubingwa mwaka 1975. Tukuyu Stars, vijana wa Mbeya waliotoka kupanda daraja, wakaushangaza ulimwengu wa soka nchini kwa kutwaa ubingwa mwaka 1986. Coastal Union ya Tanga ikafuata mwaka 1988. Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari kule Turiani, ikabeba mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Ukiitazama orodha hiyo vizuri utaona kwamba Lindi haimo. Mkoa huu ulikuwa ukisikiliza ligi kwenye redio, na ndiyo maana mapenzi ya watu wake yakagawanyika mapema: huyu Simba, yule Yanga. Mtu hupenda kile anachokisikia kila siku, na redio ya jirani ilikuwa ikitangaza Simba na Yanga.

Mapenzi hayo hayakuwa kosa la mtu yeyote. Lakini timu yoyote ambayo ingezaliwa Lindi ilikuwa lazima ikute viti vya mioyo vimeshakaliwa.

Namungo inapanda

Namungo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, pamoja na Polisi Tanzania. Nyuma yake alisimama mtu mmoja mkubwa ambaye kila mpenzi wa soka anamjua. Kassim Majaliwa alikuwa mbunge wa Ruangwa kuanzia mwaka 2010, na kuanzia Novemba 2015 akawa Waziri Mkuu. Uwanja ambao timu iliutumia mjini Ruangwa unaitwa kwa jina lake. Hakuna siri hapo, na hakuna haja ya kunong'ona. Timu ilipata mlezi mwenye uwezo, mji ukapata uwanja wenye hadhi ya ligi kuu, na mabasi ya Simba na Yanga yakaanza kukata kona pale Nanganga kuitafuta Ruangwa.

Msimu wa kwanza tu, 2019/20, Namungo ilimaliza ya nne. Mbele yake walikuwepo Simba, Yanga na Azam peke yao. Kocha alikuwa Hitimana Thierry. Mbele walisimama Reliants Lusajo na Mrundi Bigirimana Blaise, na mabeki wa ligi walijua habari zao. Wakajiita Wauaji wa Kusini. Jina la vitisho, lakini msimu ule lilikuwa na haki yake.

Kilele cha msimu, kwa mtu wa Ruangwa, kilikuwa tarehe 8 Julai 2020. Simba ilikuwa imeshatangaza ubingwa, na kombe lake likapelekwa kukabidhiwa Ruangwa, siku ya mechi yake na Namungo. Mechi ikaisha bila bao. Hebu pima jambo hilo, ndugu yangu. Mji ambao miaka ishirini nyuma yake ulikuwa hauna timu ligi kuu, leo bingwa wa nchi anabeba kombe kwenye nyasi zake.

Lakini hebu itazame siku hiyo kwa jicho la pili. Sherehe ilikuwa ya nani? Kombe lilikuwa la mgeni. Rangi ya siku ilikuwa nyekundu. Mwenyeji alitoa uwanja, akatoa upinzani, akapata pointi yake moja ya haki, halafu akasimama pembeni kutazama wengine wakicheza ngoma. Jukwaa lilijaa, sawa, lakini je, lilijaa kwa ajili ya Namungo? Mtu anayetaka kujenga timu inabidi ajiulize swali hilo hata siku yenye furaha kama ile.

Wiki chache baadaye, tarehe 2 Agosti, zilikutana tena katika fainali ya Kombe la Shirikisho la nchi, safari hii Sumbawanga, katika uwanja wa Nelson Mandela. Kutoka Ruangwa hadi Sumbawanga ni kuivuka nchi kutoka pembe moja hadi pembe nyingine. Simba ikashinda 2-1. Luis Miquissone alifunga, John Bocco akafunga, na Edward Manyama akairudishia Namungo moja. Miquissone ni Mmsumbiji. Historia ina utani wake: nchi iliyowatunza wapiganaji wa FRELIMO ikafungwa na kijana kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Kwa kuwa Simba ilishakuwa bingwa wa ligi, nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikamwangukia aliyeshindwa fainali. Namungo ikaenda Afrika.

Nyumbani ugenini

Hapa ndipo kisa kinapogeuka.

Namungo ilianza na Al Rabita ya Sudan Kusini, ikaifunga 3-0. Ikaja Al Hilal Obeid ya Sudan: 2-0 nyumbani, halafu sare ya 3-3 kule kwao. Mwezi Februari 2021 timu, sasa chini ya kocha Hemed Morocco, ikasafiri hadi Luanda kucheza na 1º de Agosto. Dunia ilikuwa kwenye korona. Mechi ya Angola haikuchezwa kwa mambo ya vipimo vya ugonjwa, na CAF ikaamua mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam. Ya kwanza Namungo ikatandika 6-2. Ya pili ikafungwa 3-1. Jumla 7-5, na Namungo ikaingia makundi.

Sasa niambie, mechi hizo za "nyumbani" zilichezwa wapi? Chamazi, kwenye uwanja wa Azam, pembezoni mwa Dar es Salaam. Mashindano ya Afrika yana masharti yake ya viwanja, na timu ya mji mdogo ikipanda hadi huko inalazimika kuhama. Kwa hiyo mkulima wa Ruangwa aliyekuwa akitembea kwa mguu kwenda kuitazama timu yake dhidi ya timu za Bara, siku timu hiyo ilipokuwa ikicheza na Afrika alikuwa kwenye kibanda umiza, amebanwa na jasho la watu, anatazama runinga kama anavyoitazama Manchester United. Timu ilikuwa imepanda, na katika kupanda ikawa imeondoka nyumbani.

Kwenye makundi mambo yalikuwa magumu. Raja Casablanca ya Morocco, Pyramids ya Misri, Nkana ya Zambia. Mechi sita, vichapo sita, bila bao hata moja. Raja ndiyo iliyokuja kulichukua kombe lenyewe mwaka ule. Watani wa mjini walicheka sana, na hata leo wapo wanaocheka.

Mimi sicheki, na nitakwambia sababu. Katika hesabu za CAF za kupanga nchi, hata timu inayoshika mkia kwenye kundi la Kombe la Shirikisho huipatia nchi yake nusu pointi, kisha inazidishwa kwa uzito wa mwaka husika. Msimu ule ule Simba iliongoza kundi lake katika Ligi ya Mabingwa na kuifunga Al Ahly 1-0 Dar es Salaam. Kapu la Simba ndilo lililokuwa zito, hakuna ubishi. Lakini nusu ya Namungo nayo ilitiwa kapuni. Msimu uliofuata Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoruhusiwa kupeleka timu nne, mbili kila kombe. Wakaenda Simba, Yanga, Azam na Biashara United ya Mara. Kijana wa Musoma aliyeiona timu ya mkoa wake ikicheza Afrika anadaiwa shukrani kidogo na Ruangwa.

Kwa hiyo msimamo ulilipa, tena ulilipa nchi nzima. Ila haukulipa kwa kujaza jukwaa la Ruangwa. Novemba 2021 Yanga ilipokuja kucheza na Namungo, mechi hiyo ilichezwa Ilulu, mjini Lindi, ikaisha 1-1. Kwa mtu wa Nachingwea hiyo nayo ni nauli ya kwenda pwani na kurudi, na siku ya kazi imekwisha.

Nini humleta mtu uwanjani

Kijiweni utasikia ubishi. Mmoja atasema, "Kaka, mpira pesa. Sajili wachezaji, shinda mechi, watu watakuja wenyewe." Mwingine atajibu, "Acha hizo bwana. Punguza kiingilio uone." Wa tatu atasema tatizo ni runinga. Kila mmoja ana kipande cha ukweli.

Tuanze na runinga. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na shirikisho letu mkataba wa miaka kumi wa shilingi bilioni 225.6. Fedha hizo ziliziokoa timu nyingi, maana ndani yake kuna mgao wa kila timu na kuna zawadi kwa kufuata nafasi kwenye msimamo. Lakini tazama ujanja wake: runinga hulipa hata kama hakuna hata mtu mmoja jukwaani. Kiongozi wa timu mwenye akili ya haraka ataona heri ahangaikie nafasi ya tano kuliko ahangaikie watu elfu moja wa ziada getini. Na mwaka hadi mwaka, akifanya hivyo, timu inageuka kuwa kipindi cha runinga chenye anwani ya Ruangwa.

Kuhusu kiingilio, ukumbuke kwamba mkulima wa korosho hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Fedha yake huja kwa msimu. Mnada wa korosho ukifunguliwa, kuanzia Oktoba hivi, mifuko inapata uzito. Ufuta unauzwa katikati ya mwaka. Katikati ya misimu hiyo ni miezi ya kuhesabu senti. Ratiba ya ligi inapangwa Dar es Salaam na haijui mnada wa RUNALI ni lini. Timu inayotaka watu wa huku ingeuza tiketi zake kwa kalenda ya huku. Ingekata tiketi ya msimu mzima wakati wa mnada, mtu alipe akiwa nacho, aje kuitumia Machi akiwa hana. Zana zipo tayari, maana ushirika unazo orodha za wanachama kijiji kwa kijiji.

Lakini sababu kubwa, kwa maoni yangu, iko kwenye jambo ambalo watu wa Kusini wanalijua kuliko mtaalamu yeyote wa matangazo. Baada ya mavuno, vijiji vya Lindi na Mtwara huingia katika msimu wa jando na unyago. Siku watoto wanapotoka, kijiji hakina nafasi ya kukanyaga. Ndugu wanatoka Dar es Salaam, wanatoka Tunduru, wanatoka Masasi. Hakuna bango, hakuna gari la matangazo, hakuna msanii wa kukodi. Wote wanakuja kwa sababu moja, ambayo ni kwamba mtoto wao yumo ndani.

Jukwaa halina siri nyingine zaidi ya hiyo. Mchezaji wa kusajiliwa kutoka Burundi au Ghana anakupa msimamo, na ni haki yake kuheshimiwa kwa jasho lake. Lakini akicheza beki mmoja aliyezaliwa Mnacho au Mbekenyera, au winga aliyesoma Nachingwea, basi wanakuja mama yake, shangazi zake, wajomba, mwalimu aliyemfundisha, na kijana mwenzake anayesema, "Huyu mimi nilimpiga chenga shuleni." Watu hao hawahitaji Simba awe mgeni. Watakuja hata akija nani.

Mbegu ya hayo ipo. Mashindano ya UMISSETA ya mwaka 2021, michezo ya shule za sekondari, yalifanyika Mtwara, mlango wa pili tu kutoka hapa. Vipaji vya nchi nzima vilikusanyika Kusini kwa majuma kadhaa. Timu ya mkoa inayojenga kwa miaka kumi ijayo inawatafuta watoto wake mahali kama hapo, kisha inawalea mwenyewe kabla wakubwa hawajawachukua.

Waliotangulia na wakaanguka

Tusidhani kwamba haya ni maneno ya kujifurahisha. Makaburi ya timu za mikoani yapo na majina yake yanasomeka.

Singida United ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017. Nayo ilikuwa na mlezi mkubwa, Mwigulu Nchemba, mbunge kutoka mkoa huo na waziri. Mwaka 2018 ikafika fainali ya kombe la shirikisho letu kule Arusha, ikafungwa na Mtibwa Sugar 3-2. Miaka miwili tu baada ya fainali hiyo, 2020, ikashuka daraja. Mwaka huo huo ikashuka Ndanda ya Mtwara, majirani wa Namungo, na Kusini ikabakiwa na timu moja pungufu. Biashara United, wale wa Mara waliokwenda Afrika mwaka 2021, walikwama kusafiri kwenda Libya kurudiana na Al Ahli Tripoli, na mwisho wa msimu huo huo wakashuka.

Ukiwaweka pamoja utaona sura moja. Kila mmoja alipanda kwa kasi. Kila mmoja alisifiwa magazetini. Na kila mmoja alipoyumba, jukwaa halikuwa na nguvu ya kumshika mkono. Timu ya wananchi ikifilisika wananchi huchanga, kwa sababu ni yao. Watu wa Tanga wamezibeba timu zao vizazi na vizazi, zikishuka wanalia, zikipanda wanalia tena. Timu ya mlezi ikifilisika, watu humtazama mlezi.

Namungo, kwa sifa yake, haikuanguka haraka hivyo. Hadi msimu wa 2024/25 ilikuwa bado imo Ligi Kuu, misimu sita mfululizo. Hilo si jambo dogo, na wanaoiita timu ya kubebwa wangehesabu kwanza ni timu ngapi zimepanda na kushuka katika muda huo.

Baada ya mlezi

Mwaka 2025 Kassim Majaliwa hakugombea tena ubunge wa Ruangwa, na mwezi Novemba mwaka huo uwaziri mkuu ukapokewa na mwingine. Aliyeupokea ni Mwigulu Nchemba, yule yule wa Singida. Mtunzi wa riwaya angeandika hivyo, mhariri angemrudishia akisema amezidisha.

Sasa ndipo mtihani wenyewe unapoanza. Kwa miaka sita mtu aliweza kusema Namungo ni timu ya Waziri Mkuu, na jibu la kumkatalia lilikuwa gumu. Kuanzia sasa jibu litatolewa kila Jumamosi na watu wataokaa kwenye mabenchi ya Ruangwa, hasa siku ambayo mgeni ni timu isiyo na jina. Kama watakuwepo, basi kilicholetwa kimeota mizizi. Kama hawatakuwepo, hakuna nafasi ya nne itakayowasaidia.

Nimeitaja reli ya karanga na sijaisahau. Tofauti ya reli ile na timu hii ni moja. Reli ililazwa kwa ajili ya kitu kutoka nje ya Nachingwea kwenda mbali, na karanga zilipokosekana haikuwa na kazi kwa mtu wa hapa. Timu ya soka inaweza kuwa na kazi kwa mtu wa hapa. Inaweza kumpa Jumamosi yake sura, ikampa mtoto wake sababu ya kufanya mazoezi, ikampa mama ntilie wateja, ikampa mtu wa Nachingwea na mtu wa Ruangwa kitu cha kubishania pamoja. Lakini kazi hiyo haiji kwa kupanda msimamo peke yake. Lazima mtu aifanye makusudi, kijiji kwa kijiji, shule kwa shule, mnada kwa mnada.

Na sisi tunaoshika kalamu tuna sehemu yetu. Historia za Simba na Yanga zimeandikwa na zitaandikwa tena. Wazee waliocheza peku kwenye viwanja vya vumbi vya Nachingwea enzi za kivuko cha Rufiji wanazeeka na mambo yao kichwani. Kijana unayetamani kuandika, usingoje kombe lije mjini kwenu ndipo utoe daftari. Nenda uwanjani siku ile ambayo hakuna mtu. Keti na wale wachache waliokuja, uwaulize wamekuja kwa ajili ya nani, na uandike majina watakayokutajia.